Sakafu ya mbao ya zamani: uikwangue yote, uipige msasa mwepesi, au uitoe nta tu?

Nyumba nyingi za zamani za Nairobi, na baadhi za Arusha, Moshi na Dar es Salaam, zina pakei: vile vipande vya mbao vilivyopangwa kama ususi wa mkeka na kugandishwa kwenye zege kwa lami. Nyingine, hasa za ghorofa, zina mbao ndefu za ulimi (ukingo mmoja una ulimi unaoingia kwenye mfereji wa ubao wa jirani) zilizopigiliwa misumari juu ya maboriti. Kapeti kuukuu likitolewa ndipo hali inapoonekana. Mlangoni pana madoa meusi, njia ya kwenda jikoni imekuwa ya kijivu, na pembeni bado panang'aa kama siku ya kwanza. Fundi akiitwa, jibu lake mara nyingi ni moja: tukwangue yote, tupige vanishi.

Kuna sakafu ambazo hilo ndilo jibu lake. Nyingi hazihitaji. Ukwanguaji mzima hula karibu milimita 1 ya mbao, na sakafu ikiwa imepinda au vipande vimepishana urefu, hufika 1.5. Mbao hiyo hairudi. Mvule, mninga na muhuhu wa kiwango kilichowekwa zamani ni ghali na ni shida kupata leo, kwa hiyo sakafu uliyo nayo ni akiba. Chagua njia inayokata kidogo kuliko zote, mradi iondoe tatizo.

Pima kwanza

Anza na unene. Ng'oa kipande kimoja kilicholegea, au fungua ukanda wa kizingiti cha mlango uone upande wa mbao. Pakei ya vijiti vyembamba ilitengenezwa na unene wa karibu milimita 8. Ya matofali ya mbao ni milimita 19 hadi 22. Kwenye mbao za ulimi usidanganyike na unene wote. Kinachohesabika ni kimo kutoka uso wa sakafu hadi ulimi, ambacho ubao ukiwa mpya huwa karibu milimita 6. Kikishuka chini ya milimita 3, usiruhusu mashine nzito ipite tena, maana mdomo wa juu wa mfereji unakuwa mwembamba kama ganda na utapasuka kwa kukanyagwa. Ukiona nyufa ndefu zinazofuata ukingo wa ubao, au vichwa vya misumari vimeanza kuchungulia, sakafu hiyo imeshakwanguliwa zaidi ya mara moja.

Kisha jua kilichopakwa. Tafuta mahali pa siri, kama nyuma ya mlango au chini ya kabati, na uwe na kitambaa cheupe. Sugua kwa tapentaini dakika moja. Kitambaa kikitoka na rangi ya njano, kahawia au nyekundu, una nta au polishi. Futa vizuri, kisha jaribu spiriti: panaponata kama asali ni shelaki, vanishi ya utomvu wa wadudu. Mwisho jaribu thina. Ikiyeyuka ni laka au sandingi sila, ile ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya vanishi. Ikikunjamana kidogo au isipotingishika kabisa, ni poliurethani, ile vanishi ngumu ya sakafu. Jaribio hili huchukua robo saa tu na ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata, lakini ndilo linalorukwa kuliko yote.

Dondosha pia matone ya maji mahali patatu: njia inayopitwa sana, katikati ya chumba, na kona isiyoguswa. Subiri dakika tano. Tone likibaki limesimama kama shanga, tabaka la juu bado liko hai. Likizama na kuacha doa jeusi, mbao iko uchi.

Kwa pakei iliyo juu ya zege, pima unyevu. Bandika nailoni nene ya sentimita 60 kwa 60, uzibe pande zote kwa utepe wa gundi, uache saa 48. Ukikuta matone chini yake au mbao imekuwa nyeusi, maji yanapanda kutoka chini. Tafuta chanzo kwanza: bomba linalovuja ndani ya ukuta, bustani iliyopanda juu kuliko msingi, mfereji wa mvua ulioziba. Vanishi juu ya sakafu inayopumua unyevu itabanduka hata ikipakwa na fundi bora.

Njia tatu, zikilinganishwa

Njia nyepesi kuliko zote ni kutoa nta na kuipaka upya. Inafaa sakafu iliyopigwa polishi miaka na miaka hadi imekuwa na utando mzito unaoshika vumbi, huku mbao yenyewe ikiwa nzima. Mimina tapentaini kidogo eneo la mita moja ya mraba, acha dakika tano, sugua kwa pedi ya nailoni kufuata nyuzi za mbao, kisha futa kwa kitambaa kabla haijakauka. Geuza kitambaa kila mara. Kikijaa, unahamisha uchafu tu. Rudia mpaka kitambaa kitoke safi, kwa kawaida mara mbili hadi tatu. Usitumie stilwaya. Nyuzi zake za chuma hubaki kwenye mianya, na siku sakafu ikipata maji, chuma hukutana na tanini, kemikali asilia ya mbao, na kuacha vidoa vyeusi visivyotoka kwa sabuni. Baada ya hapo paka nta nyembamba, ngoja dakika 20 hadi 30, ng'arisha. Mbao haikatwi hata kidogo. Hasara yake ni kwamba nta haistahimili maji, na sehemu zinazopitwa sana zitataka kurudiwa baada ya miezi michache.

Njia ya kati ni msasa mwepesi: unaikwaruza vanishi iliyopo, bila kufika kwenye mbao, na kuongeza mkono (yaani tabaka) mmoja au miwili juu yake. Hii ndiyo njia inayookoa sakafu nyingi, na inafaa kufanywa mapema, vanishi ikiwa imefifia lakini haijatoboka. Unatumia mashine ya duara, ile ya kusugulia sakafu, ikiwa na wavu wa msasa namba 100 au 120, na pembeni unasugua kwa mkono. Endelea mpaka sakafu yote iwe butu. Mahali panapong'aa bado ni bonde. Mashine haikufika, na vanishi mpya haitashika hapo. Chumba cha mita za mraba 20 ni kazi ya nusu siku pamoja na kunyonya vumbi na kufuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Mpaka wake uko wazi. Haiondoi doa jeusi, haiondoi mkwaruzo uliofika kwenye mbao, wala haiirudishii mbao ya kijivu rangi yake. Tena haifai sakafu iliyowahi kupakwa nta au dawa ya kung'arisha fanicha yenye silikoni. Vanishi mpya hukimbia na kuacha mashimo madogo kama macho ya samaki, au hukauka vizuri halafu ikabanduka kwa maganda miezi mitatu baadaye. Jaribu kabla hujaingia gharama: kwaruza eneo la sentimita 30 kwa 30, paka, subiri saa 48, chora mistari ya msalaba kwa wembe, bandika seloteipu juu yake, ivute kwa ghafla. Ikitoka na vanishi, njia hii imefungwa kwako.

Njia ya tatu, kukwangua yote, iachie sakafu ambayo tone la maji limezama sehemu nyingi, iliyopishana urefu, iliyopakwa rangi ya mafuta, au yenye vanishi inayobanduka. Hapo huna budi. Lakini doa jeusi moja la chungu cha maua si sababu ya kukwangua chumba kizima. Doa la namna hiyo mara nyingi ni chuma na tanini, na asidi oksaliki huliondoa. Vanishi ikishatolewa mahali hapo, yeyusha gramu 100 katika lita 1 ya maji ya moto, paka kwa brashi, acha mpaka ikauke, suuza kwa maji safi mara mbili. Vaa glavu na miwani, na usipige msasa kabla ya kusuuza, maana vumbi la asidi hiyo huchoma pua na koo. Doa la mkojo wa mbwa lililokaa miaka ni jambo jingine: huzama hadi chini, na hapo bora ubadilishe vipande.

Mashine: hapa ndipo sakafu huharibika

Mashine ya ngoma, yenye mkanda wa msasa wa upana wa milimita 200, ndiyo inayokata haraka na kusawazisha. Ndiyo pia inayochimba. Ngoma ikiguswa na mbao huku mashine imesimama, hata kwa sekunde moja, inaacha bonde la upana mzima wa ngoma, na bonde hilo utaliona kila jua la asubuhi likiingia dirishani. Kanuni ni kuishusha ukiwa tayari unatembea, na kuinyanyua kabla hujasimama. Nairobi na Dar es Salaam mashine hii kwa kawaida huja na fundi wake, nawe mtazame anavyogeuza. Akifika ukutani na kusimama ngoma ikiwa bado chini, mzuie kabla hajaenda mbali.

Mashine yenye diski kadhaa zinazozunguka, au ya sahani inayotetemeka, ni ya polepole zaidi lakini humsamehe anayejifunza. Haiwezi kuchimba bonde. Kwa pakei ya milimita 8, na kwa mwenye nyumba anayetaka kufanya mwenyewe, tungechagua hii hata kama kazi itachukua siku mbili badala ya moja. Udhaifu wake uko kwenye mbao laini kama paini: hula sehemu laini za pete za mwaka na kuziacha ngumu zimeinuka, sakafu ikawa na mawimbi madogo unayoyasikia kwa kiganja.

Grenda yenye diski ya msasa ni ya kukataa. Inatumika sana kwa sababu kila fundi anayo, lakini diski ya milimita 115 inayozunguka karibu mara 11,000 kwa dakika haikusudiwi kwa sakafu. Inachoma mbao, na inaacha miezi michanga: vile vidimbwi vya nusu duara ambavyo havionekani vumbi likiwepo, halafu vanishi ikipita vinajitokeza kila mahali. Kuvitoa kunataka kushusha sakafu nzima hadi chini ya kile kilicho kirefu zaidi. Kwa pembeni tumia mashine ya ukingo ya diski ya milimita 180, na kwenye kona kabisa chuma cha kukwangulia kilichonolewa.

Umeme nao huangusha kazi. Ngoma nyingi hunywa kilowati 2 na zaidi. Waya mwembamba wa kuunganishia, tena ukiwa umebaki kwenye rola yake, hupasha moto, mota hupungua nguvu na msasa huanza kurukaruka, ikaacha mistari ya kukatisha kama ngazi. Tumia waya wa milimita 2.5 za mraba usiozidi mita 25, uliokunjuliwa wote.

Namba za msasa, na tofauti ya pakei na mbao ndefu

Anza na namba laini kuliko zote inayoweza kutoa kilichopo (namba kubwa ndiyo laini). Jaribu 60, ikishindwa, rudi 40. Namba 24 ni ya rangi nzito au sakafu iliyopishana sana, na kwenye pakei nyembamba isiguse kabisa. Kutoka 40 nenda 60, kisha 80, umalizie 100, au 120 kama utapaka vanishi ya maji. Usiruke hatua. Namba 80 haiwezi kufuta mikwaruzo ya 40. Inaifunika tu mpaka vanishi iifichue.

Jinsi ya kujua namba imemaliza kazi yake: kabla ya kila namba mpya, chora penseli ovyoovyo sakafu nzima, mistari mirefu ya zigizaga. Piga msasa mpaka penseli yote ipotee. Palipobaki alama ni palipo chini. Kisha zima taa, funga mapazia, laza tochi sakafuni iangaze kwa ubavu. Kila mkwaruzo hutoa kivuli chake, na unaona mahali fundi alipochoka. Dakika kumi za tochi baada ya namba 80 zinaokoa majuto ya miaka kumi.

Mbao ndefu zina njia moja: fuata nyuzi. Zikiwa zimekunjika kingo, pita ya kwanza iwe ya mshazari, kisha zote zinazofuata ziende na ubao. Kabla ya hapo zamisha kila kichwa cha msumari milimita 3 kwa panchi na nyundo. Msumari mmoja hupasua mkanda mzima, na cheche yake inaweza kuwasha vumbi lililo ndani ya mfuko.

Pakei haina pa kufuata, kwa sababu nusu ya vijiti vinakwenda huku na nusu kule. Ukifuata upande mmoja tu, nusu ya sakafu itakuwa na mikwaruzo ya kukatisha nyuzi, na hiyo ndiyo inayoonekana zaidi. Pita ya kwanza iwe mshazari wa nyuzi 45, ya pili mshazari wa upande mwingine, ya tatu ifuate mwanga wa dirisha kubwa. Ya mwisho lazima iwe ya mashine ya duara au ya diski nyingi yenye wavu namba 100 au 120, kwa kuwa hiyo haina upande. Fundi anayemaliza pakei kwa ngoma peke yake hajamaliza.

Gonga pakei yote kwa mpini wa bisibisi kabla ya kuanza. Kipande kinachotoa sauti ya uwazi kimeachia lami, na mashine itakirusha. Kitoe, kwangua lami ya zamani mgongoni mwake na kwenye zege, ndipo ukigandishe kwa gundi ya poliurethani ya sakafu. Gundi nyeupe ya mbao haishiki juu ya lami. Kama juu ya lami palikuwa na vigae vya plastiki vya zamani, usivikwangue wala kuvisaga vikiwa vikavu, kwa sababu vigae vya aina hiyo na gundi yake nyeusi vinaweza kuwa na asbesto. Mwite mtu mwenye ujuzi wa kuiondoa.

Mianya ya hadi milimita 2 huzibwa kwa vumbi la namba 80 au 100 lililochanganywa na filla ya kimiminika, hadi liwe zito kama uji wa mtoto. Sakafu yote hupakwa kwa bapa la chuma, ikauke, ndipo upige namba inayofuata. Vumbi la namba 40 halifai: ni la chembe kubwa, na lina vanishi ya zamani inayotia weusi. Mianya ya mbao ndefu inayozidi milimita 3 inataka vipande vyembamba vya mbao ileile, vilivyogandishwa upande mmoja tu ili mbao iweze kucheza.

Kwa chumba cha mita 4 kwa 5, nunua angalau mikanda 3 ya namba 40, na miwili miwili ya 60 na 80, pamoja na diski 6 hadi 8 za ukingo kwa kila namba. Kama sakafu ni muhuhu, zidisha. Ni mti mgumu sana, na msasa uliochoka haukati tena bali hupiga pasi: uso unang'aa, unapata moto, na mbao hiyo iliyobanwa hainywi mafuta sawasawa.

Cha kupaka

| | Lita 1 kwa mkono mmoja | Mikono | Kusubiri kati ya mikono | Kurudisha fanicha |
|---|---|---|---|---|
| Poliurethani ya mafuta | m² 10–12 | 3 | saa 12–24 | siku 3–4 |
| Poliurethani ya maji | m² 8–10 | 3–4 | saa 2–4 | siku 2–3 |
| Mafuta yenye nta ngumu | m² 20–25 | 2 | saa 12–24 | siku 2–3 |

Kwa hiyo chumba chetu cha mita za mraba 20 kinataka lita 6 za poliurethani ya mafuta, au karibu lita 2 za mafuta yenye nta ngumu. Kopo la haya mafuta ni ghali kwa lita, lakini ukihesabu kwa mita pengo hupungua sana. Mazulia yangoje: wiki mbili kwa ya maji na ya nta ngumu, mwezi kwa poliurethani ya mafuta, la sivyo yataacha alama yake.

Poliurethani ya mafuta huipa mninga ule wekundu wa joto ambao watu huupendea, hujisawazisha yenyewe, na huvumilia nyumba yenye watoto. Harufu yake ni kali, na familia italala kwingine siku tatu. Ya maji inakausha chumba kwa siku moja na haigeuki njano, lakini mninga chini yake hubaki umepauka. Mkono wa kwanza huinua nyuzi. Uache ukauke kabisa, pitisha namba 150 kwa wepesi, ndipo wa pili. Ikimiminwa nyingi kwenye pakei, hupenya mianyani na kuvigandisha vijiti pamoja. Kiangazi kikija mbao husinyaa kama bamba moja na kufungua ufa mmoja mpana badala ya mianya midogo mia.

Mafuta yenye nta ngumu ndiyo tunayoyapendekeza kwa pakei ya zamani nyembamba, kwa sababu moja kubwa: yakichakaa mlangoni, unasafisha na kupaka mlangoni tu. Poliurethani haikubali kiraka bila kuonyesha mpaka. Shida yake ni kwamba mafuta yaliyozidi lazima yafutwe ndani ya dakika 15 hadi 20. Yakiachwa, yanabaki kunata kwa majuma.

Kuhusu sandingi sila, tuseme wazi. Ni nzuri kwa meza na vitanda. Kama tabaka la mwisho sakafuni ni laini, hupata weupe kwa maji, na mvuke wake hulipuka kirahisi. Kama tabaka la kwanza chini ya poliurethani ni tatizo pia: nyingi zina stearati ya zinki, unga unaofanya msasa uteleze vizuri, na huo ndio unaozuia poliurethani kushika. Soma kopo, likisema isitumike chini ya poliurethani, liamini. Mkono wa kwanza wa poliurethani ya mafuta iliyopunguzwa kwa asilimia 10 ya tapentaini hufanya kazi ileile kwa usalama zaidi.

Vanishi yenye hadena, ile dawa ya kuigandisha inayochanganywa nayo, ni ngumu kuliko zote hizi, lakini hadena za isosianati huweza kumwachia mtu pumu ya kudumu. Bila barakoa yenye kichungi cha mvuke, na bila watu wengine kutoka nje ya nyumba, isipakwe.

Mvule una tabia zake

Mvule una kemikali asilia zinazochelewesha vanishi ya mafuta kukauka. Unapaka jioni, siku ya tatu bado inanata. Futa mbao kwa thina muda mfupi kabla ya kupaka, madirisha yakiwa wazi na hakuna moto karibu, au funga kwanza kwa mkono mwembamba wa shelaki isiyo na nta. Ndani ya mvule pia hukutwa mawe madogo ya chokaa yanayong'oa meno ya msasa na kutoboa mkanda. Na ukishakwanguliwa huonekana wa manjano, tofauti kabisa na hudhurungi uliyoizoea. Usikimbilie kupaka rangi. Mwanga utaurudisha wenyewe katika miezi michache, na rangi uliyoongeza itakuwa imezidi.

Vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua. La mninga nalo huwaudhi wengi. Vumbi la mbao kwa jumla limo katika kundi la 1 la visababishi vya saratani katika orodha ya IARC, kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi ya daraja la P2 au zaidi, funika milango kwa nailoni, na mfuko wa mashine umwagwe nje kila unapojaa theluthi moja. Mfuko huo usilale ndani ya nyumba. Vumbi lenye vanishi, na vitambaa vilivyolowa mafuta yanayokauka, hujipasha moto vyenyewe hadi kuwaka. Vitambaa vitandazwe nje kimoja kimoja, au vitiwe kwenye ndoo ya bati iliyojaa maji.

Majira

Nairobi, Januari na Februari ndiyo miezi mizuri. Mvua za masika huchelewesha kila kitu, na ubaridi wa Julai huweza kuifanya poliurethani ya saa 12 ingoje saa 30. Dar es Salaam na pwani yote, subiri kusi, Juni hadi Septemba, hewa ikiwa imepoa. Popote ulipo usipake jua la mchana likipiga sakafuni: juu hukauka kabla ya chini, na mapovu hunaswa.

Nyumba yako ni ipi?

Umepanga, na sakafu ni ya mwenye nyumba: toa nta, paka nta. Hakuna utakachovunja.

Una pakei ya milimita 8, vanishi imefifia na tone la maji bado linasimama: msasa mwepesi, mikono miwili ya poliurethani, na urudie kabla haijatoboka. Sakafu iliyotunzwa hivi inaweza isihitaji ukwanguaji mzima maishani mwako.

Pakei ileile, lakini tone linazama na kuna weusi mlangoni: gandisha vilivyolegea, kwangua kwa mashine ya diski kuanzia 60, malizia kwa mafuta yenye nta ngumu.

Mbao ndefu za mvule za milimita 22, zimepishana, hazijaguswa miaka 40: hapo ngoma ina haki yake. Anza 40 kwa mshazari, umalizie 100 na nyuzi, shelaki isiyo na nta, kisha mikono miwili ya poliurethani.

Na kama mdomo juu ya ulimi umebaki milimita 2, mwambie fundi wa ngoma arudi na mashine yake. Toa vanishi ya zamani kwa dawa ya kubandulia na chuma cha mkono, mita moja moja, kisha paka mafuta. Ni kazi ya wiki nzima kwa magoti, na kwa sakafu ya namna hiyo hakuna nyingine.